Kioo Kinacholinda Tanuri la Maabara ya Meno

Mgonjwa anayetengenezewa taji la jino, ambalo wengi huliita kofia ya jino, hukutana na daktari wa meno na msaidizi wake. Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, hufanyika mbali na macho yake, ndani ya tanuri dogo la maabara. Humo taji lililochongwa kwa zirkonia, likiwa bado laini mfano wa chaki, huokwa kwa saa kadhaa katika nyuzijoto 1,450 hadi 1,550 za Selsiasi, mpaka chembe zake zishikamane na kuwa ngumu. Taji husinyaa kwa takriban asilimia 20 katika urefu na upana wake, ndiyo maana huchongwa likiwa kubwa kuliko jino linalokusudiwa. Likitoka na rangi ya kijani au manjano, haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Hulazimu kuchongwa jingine, na mgonjwa ambaye jino lake limekwisha kupunguzwa huendelea kutumia taji la muda.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwa zirkonia yenyewe au kwa aliyechagua rangi. Ni haki pia kulitazama tanuri.

Chuma huyeyuka katika nyuzijoto 1,538. Molibdeni haiyeyuki kirahisi, lakini ikipashwa moto hewani huungana na oksijeni, na oksidi inayopatikana hupaa kama moshi hadi metali yote ikaisha. Kwa hiyo fimbo za kupashia joto katika matanuri mengi ya aina hii, zilizokunjwa mfano wa herufi U, hutengenezwa kwa molibdeni disilisidi, yaani mchanganyiko wa kikemia ambamo kila atomu moja ya molibdeni imeungana na atomu mbili za silikoni. Kiwango chake cha kuyeyuka ni karibu nyuzijoto 2,030. Fimbo hizo zilianza kuuzwa kutoka Uswidi katika miaka ya 1950.

Inashangaza kidogo kwamba ulinzi wa fimbo hizo hutokana na kuungua kwenyewe. Katika joto kali, oksijeni huzishambulia atomu zote za juu. Oksidi ya molibdeni hupaa na kutoweka. Oksidi ya silikoni, yaani silika, hubaki na kutandaa kama kioo chembamba kisicho na matundu. Oksijeni hupenya kioo hicho polepole mno. Sufuria ya alumini hulindwa kwa namna inayofanana na hiyo, na vilevile kipandikizi cha titani ndani ya mfupa: kila kimoja kimevikwa oksidi yake. Kutu ya chuma haina sifa hiyo, kwa kuwa ina vinyweleo na hubanduka, ikiacha chuma kipya wazi. Zaidi ya hayo, silika ikiwa katika joto la tanuri huwa nzito na yenye kunata, hivyo hutiririka taratibu na kuziba ufa uliojitokeza, mithili ya kigaga juu ya kidonda.

Udhaifu hujitokeza mahali ambapo pengine mtu hangeutarajia, kwenye joto la chini. Kati ya nyuzijoto 400 na 600, oksidi ya molibdeni haipai. Hukaa papo hapo ikiwa fuwele zilizojipenyeza katikati ya silika, kioo kisiweze kuungana, na kwa kuwa oksidi hizo huchukua nafasi kubwa kuliko silisidi ya awali, hupanua nyufa. Kipande chenye nyufa nyingi kinaweza kusagika chote kuwa unga. Wanasayansi waliliita jambo hili tauni, jina ambalo wasomaji wa jarida la afya hawatalisahau upesi. Fimbo za kisasa, zilizoshikamana vizuri, hazisagiki kirahisi hivyo. Lakini zikikaa muda mrefu katika joto hilo hutoa unga wa manjano, na unga huo ukipashwa moto hupaa na kuitia zirkonia rangi.

Ndiyo sababu tanuri jipya huwashwa kwanza likiwa tupu hadi kiwango cha juu, ili kioo kijijenge kabla ya taji la kwanza kuingizwa. Kioo kilichokwisha kukomaa hukinga hata tanuri linapopita katika joto la chini. Kutumia tanuri hilohilo kukaushia vitu katika nyuzijoto 500 kila siku ni uchumi wa hasara. Kosa jingine la kawaida ni kuingiza taji lililochovywa katika majimaji ya kutia rangi kabla halijakauka sawasawa: majimaji hayo huwa na asidi na chumvi za metali, na mvuke wake hushambulia fimbo.

Fundi sanifu akiona unga wa manjano kwenye fimbo, au mataji yakianza kubadilika rangi, husimamisha kazi za wagonjwa na kuliwasha tanuri bila taji, kwa joto na muda uliotajwa katika mwongozo wa mtengenezaji, mara nyingi likiwa na mabaki ya zirkonia yasiyo na kazi ili yanyonye uchafu. Mabaki hayo yakitoka meupe, taji linalofuata laweza kuingizwa. Yakitoka na kijani, tanuri huwashwa tena, na daktari hupigiwa simu mapema ili mgonjwa apangiwe siku nyingine kabla hajapanda basi.