Fundi umeme akigonga mlango wa mzee, aonyeshe leseni kwanza

Msikilizaji, wengi wetu huku mikoani tuna mtu wetu Dar es Salaam. Kuna mwenye bibi au shangazi kwenye nyumba za zamani za Kariakoo na Gerezani, na kuna ambaye binti yake amekwenda huko kumlea mzee wa watu. Leo tuzungumzie siku umeme unapoleta shida kwenye nyumba kama hiyo. Mzee yuko kitandani, watoto wake wako kazini, na anayemfungulia fundi mlango ni yule binti.

Kariakoo fundi hakosekani. Anayekuuzia swichi anamjua anayefunga. Wengi wao wanaijua kazi, lakini wamo pia vishoka. Na Kariakoo inaujua moto: usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu lenyewe liliungua. Mtu mzima wa afya akisikia harufu ya waya unaoungua atatoka nje. Mzee asiyeweza kuinuka atabaki palepale.

Karatasi tatu, kila moja na kazi yake

Kitambulisho cha NIDA kinakuambia fundi ni nani. Cheti cha VETA kinakuambia amesomea. Lakini kinachomruhusu kufunga umeme nyumbani kwa mtu ni leseni ya EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaonyeshwa cheti, tunaridhika. Fulana yenye nembo nayo si leseni.

Ukishika leseni, angalia haya:

- Jina. Lifanane na la kwenye kitambulisho. Kama leseni ni ya bosi wake au kampuni, mpigie mwenye leseni athibitishe kuwa amemtuma.
- Tarehe. Leseni ina mwisho wake. Iliyokwisha muda haitoshi.
- Daraja. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Muulize fundi daraja lake linamruhusu kufanya nini.
- Orodha. Tovuti ya EWURA ina majina ya wenye leseni. Mwenye simu ya intaneti anaweza kulitafuta jina hata akiwa kijijini.

Akisema ametoka TANESCO, aonyeshe kitambulisho cha kazi. Kisha pigeni huduma kwa wateja kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si anayowapa yeye. Na kumbuka, mita ya LUKU ni mali ya TANESCO. Fundi wa mtaani haruhusiwi kuifungua.

Binti asiachwe peke yake

Tusimbebeshe binti mzigo usio wake. Hawezi kumkatalia fundi aliyeletwa na bosi wake. Kwa hiyo wenye nyumba wakubaliane mapema: picha ya leseni itumwe kwa mmoja wa watoto wa mzee, naye aseme ndiyo au hapana. Binti atasema tu: "Samahani fundi, wenye nyumba wameniagiza nipige picha leseni yako kabla hujaanza." Fundi halali hatachukia. Anayekasirika, mwambieni arudi siku nyingine wenye nyumba wakiwepo.

Kazi ikiisha, aandike risiti yenye jina, namba ya simu na alichofanya. Siku zinazofuata, swichi ikipata moto au ikitoa harufu ya plastiki, binti azime swichi kuu na kupiga simu kwa wenye nyumba. Moto ukiwaka, amtoe mzee kwanza, kisha apige 114, namba ya Zimamoto.

Leseni haizuii fundi kukosea. Lakini fundi mwenye leseni akikosea, unalo jina lake na unapo mahali pa kumshtaki. Kishoka akikosea, unabaki na namba ya simu isiyopatikana.

Jioni ya leo, mpigie binti au ndugu yako aliyeko Dar. Muulize: fundi wa mwisho kuingia humo ndani, nani aliiona leseni yake?