"Samani za Kale" na "Samani za Kikale"

Seremala wa Mwanza aweza kuichukua meza mpya ya mninga na kuipaka rangi hata ikaonekana imetumika miaka mia. Mfasiri anayeikuta kazi hii katika orodha ya bidhaa au mwongozo wa ufundi aghalabu huandika "samani za kale". Tafsiri hiyo si sahihi, na madhara yake si madogo.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Fundi hupiga msasa, kisha hupaka rangi ya kwanza iliyokoza. Ikikauka, husugua nta ya mshumaa kwenye kingo na pembe, halafu hupaka rangi ya pili iliyo hafifu. Kwa kuwa rangi haishiki vema penye nta, msasa ukipitishwa tena hapo rangi ya juu hubanduka na kuifichua ya chini. Hatimaye hupaka rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana na kuipangusa kwa kitambaa ili ibaki katika nakshi na viungo, kisha hufunika yote kwa vanishi. Anayetaka kujua mahali pa kuchakaza na aitazame mitumbwi iliyopandishwa ufukoni mwa Ziwa Viktoria: rangi haichakai kila mahali sawasawa, bali huanza kwenye kingo zisuguliwazo na nyavu na chini panapokwaruzwa na mchanga.

Sasa tulirudie neno. Kwa Tanzania Bara, "kale" ni neno lenye nguvu ya sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu, miongoni mwa mengine, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940. Vitu vya namna hiyo havipelekwi nje ya nchi bila kibali. Basi kabati la juzi likiandikwa "la kale", ofisa wa forodha hana budi kulizuia, na mnunuzi aweza kulipia urithi asioupata. Kinyume chake, kifaa halisi cha watemi, mfano wa vile vinavyohifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora, kikiandikwa kuwa pambo tu, kitapita mpakani bila kuulizwa.

Lugha yetu inayo dawa: kiambishi "ki-" cha namna. Kazi ya kitoto si lazima iwe imefanywa na mtoto. Vivyo hivyo, kitu cha kikale si lazima kiwe cha kale. Maneno "kuukuu" na "chakavu" hayafai, maana humwambia msomaji kwamba kitu kimekwisha thamani.

Kwa hiyo tunapendekeza:

samani za kale: zilizotengenezwa zamani kweli;
samani za kikale: mpya, zenye sura ya zamani;
kuchakaza rangi: kuiondoa kwa makusudi mahali mahali;
kuzimua rangi: kuipunguzia ukali kwa kuichanganya na maji au mafuta yaifaayo.

Silabi moja ndiyo itakayomwonyesha ofisa na mnunuzi ukweli wa kitu kilicho mbele yao.