Lord Lovat: Njia Mbili Zilimshinda Fisi

Katika visa vya makabaila wa Scotland, kinachonisikitisha zaidi ni cha Simon Fraser, Lord Lovat, mkuu wa ukoo wa Fraser. Mwaka 1745 Charles Edward Stuart alipoasi dhidi ya Mfalme George wa Pili, mzee huyu alijidai mtiifu kwa serikali, huku kijana wake wa miaka 19 akiongoza watu wa ukoo upande wa waasi. Alipoulizwa, alisema mwanawe ni mkaidi, hasikii la babaye!

Waasi walishindwa Culloden mwezi wa Aprili, 1746. Mzee akakamatwa, na tarehe 9 Aprili, 1747 akakatwa kichwa mjini London. Cheo na mashamba yakatwaliwa.

Mwana alisamehewa mwaka 1750. Mwaka 1757 alikusanya kikosi kumpigania mfalme yule yule, akapigana huko Quebec, na mwaka 1774 akarudishiwa mashamba. Cheo hakukipata mpaka alipofariki mwaka 1782.

Wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi. Hapa lakini, aliyelipa miaka mingi ni mtoto wa fisi.