Pine za vipimo tofauti: namna zinavyodanganya ABS ya gari za zamani

Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, gari mingi ni za okazio. Nyingi zilitoka Japani, zikapitia bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, na zimekwisha kutembea miaka mingi. Pine ikizeeka, mwenye gari ananunua ile anayopata sokoni kwa bei anayoweza, hata kama kipimo chake hakilingani na cha zile zingine. Kisha siku chache taa ya ABS inawaka kwenye tablo, na watu wanawaza kama freni zimeharibika. Kumbe wakati mwingine freni ni nzima, shida iko kwenye pine.

ABS inafanya kazi gani?

Dereva akikanyaga freni kwa nguvu, gurudumu linaweza kukwama na kuanza kuteleza. Hapo hata ukizungusha usukani, gari haikusikii. ABS inazuia jambo hilo: inalegeza freni ya gurudumu linalotaka kukwama, kisha inaikaza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kampuni Bosch ya Ujerumani iliileta kwenye gari za Mercedes-Benz mwaka wa 1978.

Ili kujua gurudumu gani linakwama, ABS inahesabu. Karibu na gurudumu kuna duara ya chuma yenye meno, na kando yake kifaa kidogo kinachohesabu meno yakipita. Kompyuta ya ABS inalinganisha hesabu za magurudumu yote. Moja likipunguza mbio ghafula kuliko mengine, inaelewa kwamba linataka kukwama. Lakini kompyuta ile haioni pine. Haijui kama ni kubwa ao ndogo.

Hesabu ya pine mbili

Tuchukue pine iliyoandikwa 195/65 R15. Namba 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana ule, na 15 ni inchi za janti. Kutoka chini mpaka juu, pine hiyo ina karibu milimita 634. Ile ya 205/70 R15 inaingia kwenye janti ya inchi 15 vilevile, lakini ina milimita 668. Katika kilometa moja, ya kwanza inazunguka karibu mara 502, ya pili mara 477.

Ukiweka kubwa mbele na ndogo nyuma, kompyuta inaona kila siku kwamba ya mbele inazunguka polepole kuliko ya nyuma. Tofauti kidogo, kama ile ya pine mpya na iliyotumika, inavumilia. Tofauti ikizidi, inaweza kulegeza freni pahali haikufaa, ao kuwasha taa na kuzima ABS. Freni za kawaida zinabaki, lakini gurudumu linaweza kukwama kama kwenye gari isiyo na ABS.

Na kama zote ine ni kubwa?

Kwa kuwa ABS inalinganisha magurudumu yenyewe kwa yenyewe, pine ine zenye kipimo kimoja haziisumbui sana. Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, konteri inasoma chini: kwa mfano wa hapo juu, ikionyesha 60, gari inaweza kuwa kwenye 63. Pili, pine kubwa na nzito inaomba nguvu zaidi ili isimame. Gari mpya zingine, fundi anaweza kuingiza kipimo kipya kwenye kompyuta yake. Gari nyingi za zamani hazina njia hiyo.

Taa isifichwe

Kuna wanaotoa balbu ya taa ya ABS ili isiwasumbue, ao ili wauze gari bila maswali. Mnunuzi aangalie vizuri: ukizungusha ufunguo, taa ya ABS inapaswa kuwaka kidogo kisha kuzimika. Isipowaka hata kidogo, uliza sababu.

Kabla ya kununua pine, soma kipimo kwenye kibandiko kilicho pembeni ya mlango wa dereva, usifuate tu kile cha pine iliyokuwa juu ya gari. Kama pesa ni ya pine mbili tu, tafuta zenye kipimo kile kile cha zile zinazobaki, na uziweke kwenye ekseli moja. Pine ya akiba nayo iwe ya kipimo hicho. Na kama taa inawaka mbele ya safari ya Bukavu na Uvira, fundi aangalie kwanza pine na vile vifaa vya kuhesabu meno. Kwenye mteremko wa Ngomo, wakati wa mvua, dereva anapaswa kujua mapema kama ABS yake ingali inafanya kazi.