Maji ya Kifuani Yanatoka Wapi?

Mgonjwa huketishwa kitandani, mgongo wazi. Daktari hulaza kidole kwenye mbavu na kukigonga kwa kidole kingine, akishuka taratibu. Juu mlio ni wa wazi. Chini, penye maji, hudunda butu, kana kwamba anagonga ukuta. Mbinu ya kugonga kifua daktari Leopold Auenbrugger aliichapisha Vienna mwaka 1761, na haijastaafu, ingawa leo eksirei na altrasaundi huithibitisha.

Maji hayo hayamo ndani ya pafu. Yamo baina ya tando mbili: mmoja umelifunika pafu, wa pili umetanda ndani ya ukuta wa kifua. Kwa kawaida hapo pana vijiko vichache tu vya chai, vya kupunguza msuguano. Yakijaa, pafu hubanwa na pumzi hukatika.

Sindano ya kuyavuta hupitishwa juu kidogo ya ubavu, kwa sababu mshipa wa damu na neva hupita chini yake. Ukitoka usaha, au damu tupu, jibu liko njiani. Lakini mara nyingi hutoka maji ya manjano, na hapo macho hayatoshi.

Mwaka 1972 Richard Light na wenzake, huko Marekani, walitoa vigezo vya kuyatofautisha maji hayo ambavyo bado vinatumika. Kimojawapo hulinganisha protini ya maji hayo na ile ya damu. Uwiano ukizidi 0.5, shaka huelekea kwenye utando wenyewe: nimonia, saratani au kifua kikuu (TB). Ukiwa chini, chanzo hutafutwa mbali zaidi: moyo ulioelemewa, figo zinazomwaga protini kwenye mkojo, au ini lililosinyaa, ambapo maji ya tumboni hupenya hadi kifuani.

Kwetu Afrika Mashariki, kijana mwenye maji upande mmoja hushukiwa TB kwanza. Na ni TB yenye hila. Vimelea kwenye utando huwa wachache. Maji huletwa zaidi na kinga ya mwili inayowashambulia. Kwa hiyo kipimo cha makohozi, hata kile cha vinasaba cha GeneXpert kwenye maji yenyewe, kinaweza kusema hakuna kitu. Jibu hilo, kwa maoni yangu, lisimrudishe mtu nyumbani. Bado kuna kimeng'enya cha ADA cha kupima kwenye maji hayo, na kipande cha utando cha kukatwa na kuchunguzwa.

Hila kubwa zaidi ni kwamba maji ya TB yanaweza kukauka yenyewe huku vimelea wakibaki. Wanajeshi wa Marekani waliougua hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1940, kabla ya dawa kupatikana, walifuatiliwa baadaye: zaidi ya nusu yao walikuja kuugua TB kamili. Dozi ya miezi 6 inawalenga vimelea hao waliobaki.