Je, Wajua? Miguu ya Miaka 75 Huandaliwa Ukiwa na 45

Wazee wawili wa rika moja: mmoja anapanda daladala bila kushikwa mkono, mwenzake hainuki kitini mpaka anyanyuliwe. Maradhi na ajali vina sehemu yake, lakini miaka ya katikati, 40 hadi 60, ina neno kubwa katika jambo hili.

Je, wajua kwamba misuli huanza kupungua mtu akiwa bado kijana? Baada ya miaka 30, hupotea takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huzidi. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya misuli huoza isipotumiwa.

Je, wajua kwamba ngazi za basi zilifungua macho ya madaktari? Mwaka 1953, Dk. Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka. Maradhi ya moyo yaliwapata zaidi madereva. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Je, wajua kwamba kulala kitandani wiki 3 kunaweza kukuzeesha zaidi kuliko miaka 30? Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana 5 wa miaka 20 walilazwa wiki 3 bila kuinuka, kwa ajili ya utafiti. Walipopimwa tena wakiwa na miaka 50, ilionekana kuwa zile wiki 3 zilipunguza uwezo wa miili yao kutumia oksijeni zaidi kuliko ile miaka 30 yote. Wakafanya mazoezi kwa miezi 6, na uwezo huo ukarudi ulipokuwa ujanani kabla ya kulazwa.

Je, wajua kwamba moyo nao hukakamaa? Utafiti mwingine wa Dallas, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusu watu 53 wa miaka 45 hadi 64 waliozoea kukaa tu. Baadhi yao walifanya mazoezi siku 4 hadi 5 kwa wiki kwa miaka 2, na mioyo yao ikalainika. Awali, watu waliopita miaka 65 walikuwa wamejaribu mazoezi kwa mwaka mmoja. Pumzi iliongezeka, lakini moyo haukulainika. Samaki mkunje angali mbichi.

Je, wajua kwamba hata hivyo miguu haikatai mwanafunzi mzee? Mwaka 1990, watafiti wa Boston waliwapa wakaazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha mikongojo.

Je, wajua kwamba Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini? Tofauti ni kwamba wao mara nyingi huchuchumaa au hupiga magoti, hivyo misuli ya miguu hubaki kazini. Kisha huwa na zaidi ya saa 2 za shughuli za kutoa jasho kila siku.

Je, wajua kwamba hatua 10,000 kwa siku hazikutoka maabara? Zilitokana na tangazo la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kuwa hata waliotembea hatua 4,400 walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700.

Je, wajua kwamba Ed Whitlock wa Kanada aliacha kukimbia akiwa kijana, akarudi akiwa na miaka arobaini na kitu? Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10. Hakuna aliyepita miaka 70 aliyekuwa amewahi kushuka chini ya saa 3 kabla yake. Mazoezi yake aliyafanya makaburini karibu na nyumbani.

Je, wajua kiwango cha Shirika la Afya Duniani? Angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuharakisha pumzi, na siku 2 za kutia misuli nguvu. Kwa waliotimiza miaka 65, huongezwa mazoezi ya mizani ya mwili siku 3, ili wasianguke.

Jipime leo: kaa kitini, kunja mikono kifuani, kisha inuka bila kujishika. Ukishindwa na bado hujafika 60, anza wiki hii kwa kutembea, kupanda ngazi na kuchuchumaa. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya magoti amwone daktari kwanza, kisha asitafute kisingizio kingine.