Kunyosha Nywele Nyumbani

Mama wengi na binti zao hupenda nywele zilizonyoka na kung'aa, wala sisi hatuoni ubaya katika kupenda hivyo. Yafaa tu kujua jinsi kazi itendekavyo.

Chanuo la chuma lenye moto hunyosha nywele za kipilipili kwa muda. Zikipata maji au jasho hurudi zilivyokuwa. Nywele zikauke kabisa kwanza, kwa maana zikiwa mbichi maji yaliyomo huchemka, nazo hukatika. Chanuo lijaribiwe juu ya kitambaa cheupe. Kikiungua, lingojewe lipoe.

Dawa ni jambo jingine. Nyingine zina magadi makali, ya namna ile itengenezayo sabuni, nayo huvunja viungo vya ndani ya unywele, usijipinde tena. Yakikaa juu ya ngozi huiunguza. Tena huko Marekani, mwaka 2022, wataalamu waliochunguza wanawake 33,497 waliona ya kuwa waliotumia dawa za kunyosha zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipatwa na saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu kuliko wasiozitumia. Hilo halijathibitisha kwamba dawa ndiyo sababu. Walakini watoto wetu tungewasuka tu.